ThinkPad T480 used: bado inalipa au unatupa hela?

Nianze na jibu kabisa, maana najua wengi mnaouliza hili swali hela mnayo tayari na mnataka kujua mnanunua au mnaacha. Laptopu ya Lenovo ThinkPad T480 used bado inalipa, kwa mwanachuo, kwa mwalimu, kwa mtu wa ofisini anaeshinda kwenye Word na Excel, ila inalipa kwa bei fulani na ikiwa na hali fulani, ukiinunua kichwa kichwa kwa kuangalia tu kwamba inawaka na kasha halijapasuka unaweza ukaacha laki sita zako dukani ukaondoka na mzigo. Mi nilimnunulia mdogo wangu anaesoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), pale CIVE kwenye kitivo cha kompyuta, kaitumia muhula mzima, na wikiendi akija nyumbani Ilazo, hapa hapa Dodoma, naichukua mimi kwa kazi zangu za takwimu, kwa hiyo haya nayoandika ni ya laptopu tunayoishi nayo.

Kwanza tujue ni mashine ya lini. T480 ilitoka mwanzoni mwa 2018. Sasa mtu akisikia 2018 anashtuka, anaona bora akanunue mpya, na hapo ndo napenda kumtuliza kidogo. Hizi ThinkPad za herufi T, pamoja na HP EliteBook na Dell Latitude, zilitengenezwa kwa ajili ya maofisi makubwa, kampuni za Ulaya na Marekani zinanunua mamia kwa mpigo, zinatumika miaka kadhaa halafu zinatolewa zote kwa pamoja hata zile ambazo hazina tatizo lolote, ndo hizo zinazozunguka Dubai, zinaingia Kariakoo na baadae zinatufikia huku. Bawaba zake ni ngumu, kibodi yake unaandika tasnifu nzima vidole havilalamiki, na mtu mwenye bisibisi ya kawaida anaweza kuifungua na kubadili kitu. Wakati ile mpya ya dukani inayouzwa hela hiyo hiyo mara nyingi unakuta ina prosesa (ubongo wa kompyuta) dhaifu ya Celeron N4020, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya 4GB iliyochomelewa kwenye bodi ambayo huwezi kuongeza, na hifadhi ndogo ya eMMC ya 64GB ambayo Windows peke yake inakula karibu nusu. Inang'aa, ina boksi, ina karatasi za nailoni bado, ila ukifungua kivinjari na Word kwa pamoja unaanza kusubiri. Mi naipenda mpya kama mtu mwingine yeyote ila kwa bajeti ya laki sita mpya inayopatikana ni ya kukukwamisha.

Sasa kwa nini T480 na sio nyingine yoyote ya zamani? Hapa kuna kitu kimoja ambacho wauzaji wengi hawakuambii na ndo kiini cha mambo yote. Windows 10 ilifikia mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft waliacha kutoa apdeti za usalama za bure za kawaida, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu. Kizazi cha 6 na cha 7 zimeachwa nje. Ndo mana siku hizi mnaona EliteBook 840 G3, ThinkPad T460, T470 na Latitude 7480 zinamwagwa kwa bei inayovutia, hazijaharibika, ila huko zilikotoka maofisi yamezitoa kwa sababu hiyo. T480 iko upande wa pili wa huo mstari, na ni kati ya za bei nafuu kabisa zilizo upande huo.

Kuna jambo lingine kwenye hicho kizazi cha 8 ambalo unalihisi hata kama hujui kompyuta. i5 za laptopu nyembamba za kizazi cha 6 na cha 7 kama i5-6200U na i5-7300U zilikuwa na kori 2 tu, yani sehemu mbili za kufanyia kazi ndani ya prosesa. i5-8250U na i5-8350U zilizomo kwenye T480 zina kori 4. Yani kwa kuruka kizazi kimoja tu umeongezewa kori mara mbili, umeme unaokula ni ule ule wa wati 15, na ndo mana mdogo wangu anaendesha somo la mtandaoni, kivinjari chenye kurasa kibao na programu yake ya kuandikia msimbo (code) vyote kwa pamoja na mashine haimgandii.

Kujua kizazi ni rahisi, angalia tarakimu ya kwanza baada ya kistari (kwa kizazi cha 10 ni tarakimu mbili za kwanza), i5-8250U hiyo ni ya 8, i5-6300U hiyo ni ya 6. Usisome stika ya nje, stika inabandikwa na yeyote. Bonyeza kitufe cha Windows na herufi R, andika msinfo32, soma mstari wa prosesa mwenyewe.

Na hapa kuna mtego mkubwa ambao nimeuona kwa macho yangu kwenye maduka ya mjini, nilizunguka Uhindini, Madukani mpaka Majengo. T470 na T480 kwa nje zinafanana mno, kasha karibu lile lile, rangi ile ile, na muuzaji mwingine wala hana nia mbaya, yeye mwenyewe kaletewa mzigo kaambiwa zote ni T480. Namna ya kuzitofautisha bila hata kuiwasha ni kutazama ubavu wa kushoto. T480 haina tundu la chaja la mstatili, inachaji kwa USB-C tu na matundu yake mawili ya USB-C yako huo upande wa kushoto yamekaa jirani. Ukikuta tundu la mstatili lenye rangi ya njano ndani, hiyo ni T470, rudisha mezani, au inunue kwa bei ya T470. Ukitaka uhakika kabisa igeuze, chini kuna stika yenye aina ya mashine, ikianza na 20L5 au 20L6 ndo T480 yenyewe. 20L7 na 20L8 ni T480s, hiyo ni nyembamba na nyepesi zaidi, watu wanaipenda kwa umbo, ila haina betri ya nje na RAM yake moja imechomelewa umebakiwa na sloti moja tu ya kuongeza. T480 ya kawaida ina sloti mbili zote huru. Mi kwa maisha yetu haya ya kununua leo kidogo na kuongeza mbele ya safari nachagua ya kawaida.

Tuje kwenye betri, hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo hela za watu zinapopotelea.

T480 ina betri mbili. Moja iko ndani, ya 24Wh (Wh ni kipimo cha umeme ambao betri inabeba, na 1,000 mWh ni 1Wh), na nyingine inachomekwa kwa nyuma chini, hiyo unaweza kukuta ya 24Wh, ya 48Wh au ya 72Wh, na hizo kubwa ni nene, zinainua laptopu nyuma kidogo. Uzuri wake unaweza kuchomoa ya nje laptopu ikiwa inawaka na isizime, kwa sababu ya ndani inaendelea kuishikilia, unachomeka nyingine unaendelea na kazi. Model iliyofuata, T490, waliiondoa hiyo ya nje, ndo mana watu wanaoishi na umeme wa kukatika wanaing'ang'ania T480.

Lakini betri ya mashine ya 2018 leo haina tena uwezo iliokuwa nao 2018. Kwenye duka nililonunua kaka muuzaji aliniambia "dada'angu hii inakaa masaa sita bila wasiwasi", nikamwambia sawa kaka yangu, naomba niandike kitu kimoja tu. Nikafungua cmd (dirisha la kuandikia amri kwenye Windows), nikaandika powercfg /batteryreport, inatengeneza faili ambalo unalifungua kwenye kivinjari. Ndani yake kuna mistari miwili ya kuangalia kwa kila betri, ule wa uwezo ilivyotoka kiwandani na ule wa uwezo ikijaa sasa hivi. Ya ndani ilitoka kiwandani na kama 24,000 mWh na ilikuwa bado inajaa mpaka 19,000 hivi, hiyo nzuri tu. Ya nje nayo ilizaliwa na 24,000 ila ilikuwa inaishia 9,800. Ukijumlisha una kama 28,800 kati ya 48,000, yani asilimia 60, na kwa kazi nyepesi za kuandika ambapo laptopu hii inakula kama wati 7, hayo ni masaa manne, mwanga wa skrini ukiwa wa kati. Sita hayapo.

Sikugombana nae. Nilimgeuzia skrini aone mwenyewe, akaangalia, akaenda nyuma akarudi na boksi la betri za nje alizochomoa kwenye mashine mbovu, tukazichomeka moja moja na kurudia ile ripoti mpaka tukapata inayojaa 17,000. Ilichukua muda ila hakuchukia, tena akaniomba nimwandikie ile amri kwenye karatasi ili awe anawaonyesha wateja wengine. Nawaambia hivi kwa sababu watu wengi wanaogopa kuomba wakidhani muuzaji ataona wanamdharau. Muuzaji anaejiamini na mzigo wake anakuacha upime. Anaekukataza kuandika mstari mmoja kwenye laptopu unayotaka kuilipia laki sita na kitu, muage kwa heshima uende duka la pili.

Ukishainunua weka programu ya Lenovo Vantage, kuna sehemu ya kuweka kikomo cha chaji, weka isimame kwenye 80 kama unashinda imechomekwa ukutani. Hosteli mdogo wangu anaiacha kwenye umeme usiku kucha, bila kikomo hicho betri inazeeka haraka.

Chaja nayo. Kwa kuwa ni USB-C wengine wanadhani chaja ya simu yoyote itafaa, hapana, unatakiwa uwe na ya wati 45 au 65, hizo za simu nyingi ni ndogo. Na pima matundu yote mawili kama yanachaji, sio moja tu. ThinkPad za kati ya 2017 na 2019 zenye Thunderbolt (USB-C ya kasi zaidi) zina tatizo linalojulikana la programu ya ndani ya hiyo Thunderbolt, Lenovo wenyewe walitoa apdeti ya kulirekebisha, na mashine ambayo haikuwekewa inaweza kupoteza lile tundu. Kwa mashine ambayo chaja inaingia hapo hapo tu na tundu lenyewe limechomelewa kwenye bodi, hilo sio jambo dogo. Kwa hiyo pima yote mawili, chomeka na flashi ya USB-C kama unayo, na ukifika nyumbani kitu cha kwanza weka hiyo apdeti kutoka tovuti ya Lenovo.

Kitu cha pili cha kukaa nacho ni kufuli, na hiki ndo kinaniuma zaidi kuliko betri maana betri unanunua nyingine. Hizi ni kompyuta za makampuni. Kampuni ikiitoa mashine inatakiwa iifute kwenye mifumo yake, na sio wote wanafanya. Kuna namna mbili inakung'ata. Ya kwanza ni nywila ya BIOS, yani ile mipangilio ya ndani inayofunguka kabla ya Windows. Zima laptopu, iwashe, ikionyesha maandishi ya Lenovo bonyeza Enter halafu F1. Ikiingia moja kwa moja ukaona mipangilio na ukaweza kubadilisha kitu, vizuri. Ikikuomba nywila ambayo muuzaji haijui, acha. Lenovo wenyewe wanasema nywila ya msimamizi ikisahaulika suluhisho ni kubadili bodi nzima, na bodi ndo karibu bei ya laptopu yote.

Ya pili imejificha zaidi. Laptopu inawaka vizuri, Windows ipo, unaitumia hata miezi, siku unataka kuanza upya unaifuta, unaiunganisha na intaneti, inakuletea ukurasa wenye jina la kampuni ya Ulaya inakutaka uingie na barua pepe ya kazini. Bado imesajiliwa kwao. Wauzaji wanaruka hilo kwa kuweka Windows bila kuunganisha intaneti, kwa hiyo dukani huoni kitu. Dawa yake ni moja, fanya reset ya Windows, yani ifute ianze upya, pale pale dukani na uiunganishe na hotspoti ya simu yako wakati inajiandaa upya. Inachukua muda, kaa, omba kiti, kunywa maji. Ikifika sehemu ya kukuuliza akaunti bila kutaja jina la kampuni yoyote basi iko huru. Na faida nyingine ya kufanya hivyo, nyingi ya hizi zilitoka kiwandani na Windows Pro ambayo ufunguo wake umehifadhiwa kwenye bodi, ukiweka upya inajitambua yenyewe, unaachana na zile programu za kuamilisha ambazo mafundi wanaziweka na huwezi kujua zimebeba nini.

Diski haina mengi. Muuzaji akikwambia hii ina 500GB na ile ina 256GB usikimbilie 500, uliza ni SSD, ile ya kasi isiyozunguka, au ni HDD, ile ya kuzunguka. Fungua Task Manager, nenda sehemu ya utendaji, bonyeza Disk, imeandikwa pale. SSD ya 256GB inaishinda mbali HDD ya 500GB kwa matumizi ya kila siku, HDD kwenye Windows 11 ni mateso. RAM chukua 8GB kwenda juu, na kama ni 8GB ombea iwe kipande kimoja ili sloti ya pili ibaki wazi. Sisi tuliongeza kingine cha 8GB baadae, nilitajiwa elfu 60 nikalipa, na hiyo ndo hela niliyoiona imefanya kazi kuliko zote.

Skrini sasa, hapa nisiwapake mafuta. Kuna T480 za skrini ya 1366x768 na kuna za 1920x1080, na hazilingani hata kidogo. Ile ya kwanza ukiinamisha kidogo au ukikaa pembeni rangi zinageuka, nyeusi inakuwa kijivu, na Excel unaona safu chache. Chukua ya 1920x1080. Lakini hata hiyo mwanga wake ni wa niti 250 hivi (niti ni kipimo cha mwanga wa skrini), ndani ya chumba iko sawa, ila kwa jua letu la Dodoma ukikaa nje chini ya mti saa saba mchana unakunja macho. Mtu wa kazi za fildi, anaezunguka vijijini Bahi au Chamwino na anataka kujaza data juani, hii itamchosha. Spika nazo ni za kusikilizia maelezo ya mwalimu, mziki tafuta spika ya nje. Fungua picha nyeupe tupu skrini nzima utafute madoa, nyingine zimebanwa kwenye makontena zina alama nyeupe nyeupe katikati.

Kibodi angalia kama ni ya Kiingereza. Zinazotoka Ujerumani Z na Y zimebadilishana, za Ufaransa A na Q hazipo unapozitarajia, na ukiona vibandiko juu ya vitufe jua wanaficha hilo. Sio mwisho wa dunia, ila iwe sababu ya kushusha bei.

Kuna jambo la kwetu hapa kati ambalo mtu wa Dar hawezi kukwambia, vumbi. Dodoma ni kukavu, mvua zikiisha kama mwezi wa tano ni upepo na vumbi mpaka zirudi mwishoni mwa mwaka, na majumba mengi ya pembezoni barabara bado ni za udongo. Laptopu inavuta hewa kwa chini na kuitoa ubavuni, vumbi lote linapita humo. Tulipoifungua yetu, kabla haijaanza kazi, nyuma ya feni kwenye yale mapezi ya shaba kulikuwa na tabaka limeshikamana kama sufi ya mto, la kijivu, unalivuta linatoka kipande kizima. Hilo ni la ofisi ya Ulaya yenye zulia, bado la kwetu halijaingia. Baada ya kulitoa feni ilinyamaza, mashine iliyokuwa inavuma ikifungua video tu ikawa huisikii.

Kuifungua yenyewe ni jambo la utulivu. Unaingia kwenye BIOS, sehemu ya Config halafu Power, unachagua kuzima betri ya ndani, laptopu inazimika. Unachomoa betri ya nje. Skrubu za chini ni sita na hazidondoki, zinabaki kwenye mfuniko, halafu unapitisha kadi ya plastiki pembeni kuachia vishikizo. Feni unaishika kwa kidole isizunguke wakati unapuliza, tumia brashi laini, usipulize kwa mdomo maana mate yanaingia. Ukirudisha chaja mashine inaamka na betri ya ndani inarudi. Fanya hivi kabla ya msimu wa upepo na kama hujiamini mpe fundi, ila simama pale pale uangalie, na muombe abadilishe na ile krimu ya juu ya prosesa kama imekauka.

Bei. Niliyonunua ilikuwa i5-8350U, RAM 8GB, SSD 256GB, skrini ya 1920x1080, walianza 720,000 tukaishia 640,000 pamoja na ile betri ya nje nzima zaidi na chaja ya wati 65. Ukiweka na RAM niliyoongeza ni 700,000. Hapo ndo nataka mpige hesabu vizuri kabla hamjasema hii ni rahisi ile ni ghali. Niliona nyingine ya 560,000 duka la jirani, haina chaja, betri ya nje imekufa kabisa, diski ni HDD. Chaja elfu 35, betri ya nje nilitajiwa laki moja, SSD nayo hela, ukimaliza umepita 700,000 na bado RAM hujagusa. Bei ya kwenye kioo sio bei ya laptopu, jumlisha na vyote utakavyolazimika kununua mwezi wa kwanza ndo ulinganishe.

Kama ni mtu wa kuhariri video, michoro mizito ya AutoCAD ya 3D au magemu, hii sio yako, picha zake zinaendeshwa na Intel UHD 620 na chache tu ndo zina kadi ya picha ya MX150. Kwa hesabu, SPSS ya takwimu, kuandika programu, ramani za kawaida, inakwenda.

Na kwa wanaoniuliza kuhusu EliteBook 840 G3 ambayo ndo imejaa mjini, nilitajiwa 430,000. Ni mashine nzuri kwa mkono, imara, na ina tundu la VGA ambalo mwalimu wa shule yenye projekta ya zamani atalishukuru, wakati T480 haina VGA, ina HDMI. Ila ni kizazi cha 6, kori 2, Windows 11 haiikubali rasmi. Microsoft wametoa nyongeza ya apdeti za Windows 10 kwa watumiaji wa nyumbani mpaka 13 Oktoba 2026, baada ya hapo ni kuweka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, ambayo inakwenda vizuri sana humo kwa kuandika na kuperuzi, au kuilazimisha Windows 11 na kukubali kwamba siku moja apdeti kubwa inaweza kukataa. Mwalimu alieko Kongwa anaetaka kuandaa mitihani na kurusha slaidi, na haogopi Linux, aichukue ila asivuke 350,000. Mwanachuo anaeanza mwaka wa kwanza na ana miaka mitatu au minne mbele, aongeze hela asubiri boom (hela ya mkopo wa chuo) litoke achukue kizazi cha 8.

Mkifika kwenye kulipa, omba risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) na hakikisha wameandika serial namba ile ile iliyo kwenye stika ya chini, pamoja na muda wa waranti kwa maandishi. Mi nilipewa miezi mitatu, nikaomba waandike kabisa kwamba inahusu bodi na skrini, wakaandika na kugonga muhuri. Ikivuka 750,000 kwa hali kama ya yetu, achana nayo, hela hiyo ongeza kidogo utafute ya kizazi cha 10.